Kona ya Soprano

Rhonda, Nakuru
Jumapili, katikati ya Mei

Mpendwa Mama Faith,

Niliondoka nyumbani wiki ya kwanza ya Januari, shamba likiwa jekundu na tupu, na sasa unaniambia viazi vimetoa maua. Mimi huhesabu hivyo tu: nimekosa kupanda, nimekosa kupalilia, na nisipojichunga nitakosa hata kula. Najua kutoka Nakuru mpaka Kuresoi si kwenda Ulaya. Lakini unaijua kazi ya mjengo. Usipoonekana getini Jumatatu asubuhi, jembe lako lina mtu mwingine, na mtu huyo hana haraka ya kulirudisha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tukianza maneno ya nyumba tunagombana, halafu wewe unashuka kutoka kwenye kile kisiki unachopandia kutafuta mtandao, na mimi nabaki nikisema haloo, haloo, kama kichaa. Kwa barua huwezi kunishukia. Sijaifunga kwa gundi. Atakayeileta ni dereva wa lori la viazi, na ikifika dukani kabla yako najua itasomwa na foleni yote ya maziwa. Waisome tu. Siri iliyomo ni moja, na hiyo pia waisome. Mahali pa nukta nimekisia. Niliishia darasa la sita, na ulilijua hilo ukinikubali.

Neno lenyewe ni hili. Ndugu yako Zakaria anasema ile buldoza inayotengeneza barabara itafika karibu na kwetu Jumamosi ya kwanza ya Juni, na dereva wake ni rafiki yake, na yuko tayari kutusawazishia mlima wote asubuhi moja ili tujenge nyumba ya mawe. Wewe unataka kumwambia ndiyo. Mimi naomba umwambie angoje. Kabla hujaiwashia moto jikoni barua hii, nivumilie nianzie mbali.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipopanda kuona kile kipande tulichogawiwa? Kaka zangu walikuwa wameshachukua kule chini kwenye tambarare, sisi tukabakiziwa mgongo. Ulikuwa umevaa viatu vya harusi kwa sababu ulidhani tunaenda kutembelea watu. Ukasimama mguu mmoja juu na mwingine chini, kama kuku aliyemwagiwa maji, ukaangalia juu, ukaangalia chini, ukaniuliza, "Sasa nyumba itasimama wapi? Hapa hata mbuzi anahitaji mkongojo."

Nikakwambia nyumba yetu haitasimama, itaegemea. Ukakataa kucheka. Ukaweka lile beseni la vyombo chini ili upumzike, na beseni likaondoka.

Hatukulikimbilia. Tulilitazama tu likishuka, likiruka kila lilipogonga jiwe, vikombe vyetu vipya vikitoka kimoja kimoja kama watoto walioachiliwa shuleni, mpaka likazama kwenye kabichi za Mzee Tonui. Baada ya muda tukamwona jirani huyo, na ule mwili wake mkubwa, akipanda polepole huku amelivaa beseni kichwani kama kofia.

"Karibuni nyumbani," akasema. "Vyombo vyenu vimeshafika kwangu. Nyinyi wenyewe mnakuja lini?"

Hapo ndipo ulipocheka. Nami nikajua tutajenga.

Tulichimba kiangazi chote, sisi wawili. Mimi nilishika sururu na wewe jembe, tukawa tunabadilishana nikichoka, kwa sababu hukuwahi kuchoka kwanza hata siku moja. Tulikata mgongo wa mlima, na udongo wote tukautupa upande wa chini, ili ile ngazi tuliyokata ipanuke ipate kubeba nyumba. Tukawa na kiwanja ambacho nusu ilikuwa ya Mungu na nusu ilikuwa yetu. Ya Mungu ilikuwa ngumu, sururu ikigonga inalia. Yetu ilikuwa laini kama unga, ukikanyaga unazama mpaka kifundoni. Pima maji hatukuwa nayo. Ulileta sufuria ya maji, ukaiweka katikati, ukalala kifudifudi kuangalia kama maji yamelingana na ukingo. "Bado inamwaga upande wako," ulikuwa unasema. Siku zote ilimwaga upande wangu.

Wazee walituambia udongo wa kumwaga uachwe ulale mvua mbili. Sisi mvua mbili tungezitoa wapi? Tumbo lako lilikuwa limeshaanza kukutangulia mlangoni. Na kwetu sakafu ya udongo hukanyagwa na majirani walioitwa chai, kila mtu analijua hilo. Lakini wewe ukawaza zaidi ya majirani. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa mashindano, na kanisa lilikuwa limefunuliwa mabati likirekebishwa.

"Waje waimbie kwetu," ukasema. "Ule wimbo wetu wa kuruka unaweza kushindilia hata barabara."

Wakaja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Vumbi lilipanda mpaka mwalimu wa kwaya akawa anaongoza kwa kukohoa. Besi walijipanga kushoto, Mzee Tonui katikati yao, na kila alipotua chini mlima uliitikia. Alto na tenor walifanya kazi ya heshima. Lakini nyinyi soprano! Mliwekwa kulia, kona ile ya chini yenye udongo mwingi kuliko zote, na mlikuwa mnakanyaga kwa ncha za vidole, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala, ili viatu visichafuke. Nikapiga kelele, "Soprano, kanyageni!"

Ukanigeukia na lile tumbo lako. "Sisi tunaimba juu. Chini ni kwa besi."

Wanakwaya walicheka mpaka wimbo ukafa. Na kati ya watu wote wale hapakutokea hata mmoja aliyefikiria kuzibadilisha sauti nafasi, besi waende kulia na soprano waje kushoto. Ingekuwa rahisi namna hiyo. Lakini kwaya ni kwaya, kila sauti ina mahali pake, na kumhamisha Mzee Tonui ni kama kuhamisha madhabahu.

Kwaya ilishika nafasi ya pili kwenye mashindano. Nyumba yetu ikashika njia ya kushuka. Mvua ya Aprili ilipoingia, kona ya soprano ilikaa chini taratibu, bila kelele, kama bibi anayejishusha kwenye kigoda. Haikuanguka, huo ndio ukweli. Iliinama tu, na imeinama miaka yote hii.

Watu wakiniuliza hapa mjengoni kwangu kukoje, nawaambia mambo hayo na hawaamini. Nawaambia kwetu mchuzi hukusanyika upande mmoja wa sahani, kwa hivyo watu hugombania kukaa upande huo. Nawaambia kitu kikipotea hatutafuti, tunaenda tu kona ya soprano. Tumewahi kupata huko vifungo, betri, kiazi, na siku moja kifaranga mzima aliyeshindwa kupanda. Faith alianza kutembea kabla ya watoto wote wa rika lake, maana akisimama tu sakafu ilikuwa inampeleka. Kurudi ndiko kulimshinda. Alikuwa akifika kona anakaa, analia aje kuchukuliwa.

Na pasta je? Siku ile alipokuja kubariki nyumba, akafumba macho kwenye kiti chetu cha mbao, akaomba maombi marefu yale yake, na kiti kikawa kinasogea kidogo kidogo. Alipofumbua macho alikuwa pamoja na kuku.

"Hii nyumba yenu," akasema akijishika magoti, "inapenda wageni waende."

"Si nyumba, pasta," ukamjibu bila aibu. "Ni fuko."

Fuko! Mpaka leo, mke wangu, umesimama hapo hapo. Eti soprano hawakukosa, ni fuko aliyechimba chini ya kona akaacha mapango. Ulimsumbua Zakaria mpaka akatega mtego, na alichonasa ni fuko mmoja mdogo kama soksi ya mtoto. Ukamnyanyua kwa mkia mbele ya watu, ukasema, "Huyu hapa mhandisi wenu." Mzee Tonui akamwangalia fuko, akakuangalia wewe, akasema, "Huyu hata kwenye kwaya angewekwa soprano."

Nikiyakumbuka hayo nacheka peke yangu, na jirani yangu hapa Rhonda, mama anayekaanga samaki mlangoni, huniuliza ni nani ameingia chumbani.

Lakini najua kuna mambo mawili hapa. Mimi niko huku nayakumbuka, wewe uko huko unayaishi. Ndoo ikimwagika ni wewe unayepangusa. Usiku ukizuia miguu ya kitanda kwa mawe, ni wewe unayeyatafuta mawe hayo. Siku ile kwenye kisiki, kabla hujashuka, ulisema neno ambalo limenikaa: "Baba Faith, mimi sitaki ghorofa. Nataka nyumba ambayo nikiweka yai mezani linakaa. Ni hilo tu." Sikukujibu vizuri. Nilisema yai si kitu cha kuweka mezani. Ndiyo maana naandika.

Sasa nikueleze ya huku.

Tunajenga kwenye mteremko upande wa Menengai, juu ya mitaa. Nilipofika Januari palikuwa nyasi na vichaka vya leleshwa, na ukivunja tawi mkono wako unanukia mpaka jioni. Sasa vichaka vimekwisha. Mashine zilikuja zikanyoa mlima kama kichwa cha mwanafunzi. Kila mwenye kiwanja anataka tambarare. Mmoja alituonyesha picha ya nyumba kwenye simu, nyumba pana ya nchi fulani isiyo na kilima hata cha mchwa, akasema anataka hiyo hiyo. Simlaumu. Hata sisi tungekuwa na mashine badala ya jembe, tungenyoa.

Hapo chini ya mti mmoja uliobaki kuna mama tunayemwita mathe, anayetuuzia chai na mandazi. Huyo ungempenda. Kila mashine ikipita, kibanda chake kinajikuta mahali pengine. Wiki moja alikuwa usawa wa njia, wiki iliyofuata tumekata udongo pande zote na yeye amebaki juu kama askofu kwenye mimbari, anatushushia birika kwa kamba.

Tukamwuliza, "Mathe, umehamia ghorofani siku hizi?"

"Mimi sijahama, boss. Ni nyinyi mmehamisha dunia."

Msimamizi wetu ni Owino, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi. Alituambia tukate udongo nyuma ya kiwanja cha nyumba moja usimame wima kama ukuta, ili mwenye nyumba apate nafasi ya kuegesha magari. Tukakata mpaka ukapita urefu wa watu wawili. Udongo wa hapa ni majivu ya zamani, mwepesi. Ukiwa mkavu unakatika vizuri kama jibini na unasimama wima bila tatizo. Ulikuwa mzuri hata wa kuchorwa. Siku moja wakati wa kupumzika nilichukua mwiko wa fundi nikaandika jina lako pale, MAMA FAITH, kwa herufi kubwa, na viazi viwili vyenye maua chini yake. Mutua, kibarua mwenzangu, akasema viazi hivyo vinafanana na fuko. Nikamwambia hajui alichosema.

Kisha mvua ikaingia. Ilinyesha usiku mbili mfululizo, na asubuhi yake tulikuwa chini ya ukuta ule tukichimba mtaro wa msingi. Nilikuwa nimevua ile sweta ya buluu uliyonifumia, nimeitundika kwenye mpini wa wilbaro isichafuke. Chai bado. Mathe akaanza kuita kutoka juu.

"Kujeni sasa! Jiko langu linanyeshewa, mkichelewa mtakunywa maziwa baridi!"

"Bado, mathe," Owino akasema. "Tumalize huu mtaro kwanza."

"Mtaro nitauweka sukari?" mathe akamuuliza.

Mutua akatupa jembe. "Twende, boss. Mtaro hautoroki."

Owino akanung'unika, lakini alipoona sote tumeshatoka naye akafuata. Nilikuwa nimeshika kikombe, sijapuliza hata mara moja. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu mzito anapoketi juu ya gunia la viazi. Nikageuka. Jina lako halikuwepo. Ukuta wote ulikuwa umekaa chini, na mahali tulipokuwa tumeinama palikuwa pamejaa udongo, laini, safi, kama kitanda kilichotandikwa.

Owino alivua kofia. Akatuhesabu kwa kidole. Akatuhesabu tena akianzia mwisho. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mathe ndiye aliyesema, "Kunyweni chai." Tukanywa. Kisha Mutua akaweka kikombe chini, akasafisha koo kama mtu anayetaka kushuhudia kanisani.

"Nilisema mtaro hautoroki," akasema. "Ndugu zangu, naomba msamaha."

Tulicheka mpaka tukalia, na wengine walikuwa wanalia kweli.

Hiyo ndiyo siri yangu. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ungeshuka kutoka kwenye kisiki na kuja kunichukua kwa sikio. Niko mzima. Sikupata hata mkwaruzo. Wilbaro tuliifukua, majembe tuliyafukua, sweta haikuonekana. Baadaye mtaro ulichimbwa upya, msingi ukamwagwa, kuta zikapanda, na sasa najua kazi ya mikono yako iko chini ya sebule ya mtu, buluu, na vifungo vyote vitatu. Kama nyumba ile itakuwa na joto kuliko za majirani, wenyewe hawatajua kwa nini.

Tangu siku hiyo silitazami shamba letu kwa macho yale ya zamani. Jioni nikijilaza chumbani mgongo ukiniuma, nafunga macho na kupima. Ili upate tambarare anayoisema Zakaria, ya nyumba na uwanja na ng'ombe, mashine lazima iingie ndani ya mlima sana, na ukuta wa udongo utakaobaki nyuma utapita paa la mabati. Chini ya ukuta huo ndipo utakapoweka vitanda, wewe na Faith na mdogo wake. Najua udongo wetu si majivu. Ni mwekundu na unashikana. Lakini mvua ya Kuresoi haina likizo, na wewe unakumbuka kona ya soprano haikutupigia hodi.

Zakaria ni mtu mwema. Alitusaidia kubeba kila nguzo. Mwambie simkatai yeye, na wala siogopi chuma. Nimekaa na chuma miezi yote hii na najua kinavyofanya kazi: kinafanya asubuhi moja kile ambacho sisi tungefanya mwaka, na kosa lake pia ni la mwaka.

Ninachoomba ni hiki. Tusiulazimishe mlima ulale. Tujenge nyumba yenye ngazi mbili, kama mlima wenyewe ulivyo. Jikoni na sebule juu, vyumba vya kulala hatua tatu chini. Zote zikae kwenye ile nusu ya Mungu, kwenye ardhi inayolia ukiigonga. Nusu yetu, ile ya kumwaga, tuiachie sukuma wiki na nyasi za ng'ombe, hiyo ndiyo kazi inayoiweza. Udongo wa nyuma tuukate ulale kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, tuupande nyasi, na juu yake mtaro wa kupeleka maji pembeni. Dereva wa buldoza akitaka kutusaidia, atutengenezee njia ya kupandisha mawe mpaka juu. Hapo nitamshukuru mpaka kesho.

Na yai litakaa. Hilo naliahidi. Nitanunua pima maji ya kweli, ile yenye kipovu ndani, na wewe bado utaleta sufuria yako kuihakiki, na bado itamwaga upande wangu. Utalalamika kuhusu hizo hatua tatu. Utasema nimekuletea mlima ndani ya nyumba. Utasema hivyo ukibeba sufuria ya ugali, na utasema tena ukirudi na vyombo. Nimejiandaa.

Uwanja wa mbele utahitaji kukanyagwa, kwa hivyo tuite kwaya. Wengi bado wapo, na Mzee Tonui unasema ameongezeka. Lakini safari hii, Mama Faith, naomba kwa magoti yote mawili, kila wimbo ukiisha sauti zibadilishane nafasi. Besi waende kona ya soprano. Soprano waje kona ya besi, na mvue viatu.

Nimesema yangu. Wewe ndiye utakayelala hapo mvua ikinyesha, na watoto ubavuni mwako, kwa hivyo neno la mwisho ni lako, na ukiniambia hapana nitachukua koleo nifanye hivyo ulivyotaka. Ila usiniambie kwenye simu. Niambie nikiwa nimesimama hapo hapo, tukiutazama mlima wote wawili, mguu mmoja juu na mwingine chini.

Nimechoka, sikufichi. Mikono yangu imekuwa kama magome, na nikisalimiana na watu kanisani wananiangalia. Chumba hiki kina dirisha moja na linatazama ukuta wa jirani. Lakini sina huzuni. Kila nyumba ninayomjengea mtu, nikiweka jiwe la kwanza la jikoni huwa nageuka kidogo kuangalia ungesimama wapi, na moshi ungekwenda wapi, na ungeniita kutoka mlango upi. Mafundi wanadhani napima.

Nimezungumza na Owino. Nilimweleza wazi kwamba kuna mlima kwangu unataka kuhamishwa bila mimi. Nadhani alituhesabu tena kichwani. Kisha akasema, "Nenda. Jembe lako nitalishika mwenyewe." Kwa hivyo nakuja. Jumamosi ya kwanza ya Juni lori la viazi likishusha mzigo sokoni alfajiri nitapanda nalo likirudi tupu, na barabara ikiwa na huruma nitakuwa kwa Mzee Tonui kabla jua halijafika katikati, nikipanda kwa miguu.

Inawezekana buldoza ikanitangulia. Ikinitangulia, usigombane na Zakaria, na tafadhali usisimame mbele ya chuma na hasira zako. Mkaribishe dereva ndani. Mpe kile kiti cha pasta. Mpikie chai ya maziwa, moto sana, ya kupuliza, na mandazi yale yako makubwa. Kikombe chake kikiteleza kwenda kona, mletee kingine. Akisema anataka kuanza kazi, mwambie habari ya fuko, tangu mwanzo. Chai ilinishikia mlima mara moja mpaka nikatoka chini yake. Mimina tu, itaushika tena mpaka nifike.

Ni mimi, mwenye kukuegemea,
Baba Faith